Mteja wa mbali anakuangalia machoni: teleprompta ndogo kwa sisi tunaouza kwa video



Leo tuongelee kifaa ambacho watu wameanza kukiulizia sana hapa dukani kwangu Mwanga. Mmoja anakiita "kile cha watangazaji", mwingine "kioo cha kusomea". Jina lake ni teleprompta. Kabla hujatoa hela yako soma hii mpaka chini, kwa sababu wengi wanaoulizia hawahitaji kununua, na wachache wanaohitaji kweli wanakitumia vibaya.

Chukua biashara zetu zilivyo. Mtu yupo Dodoma, anataka kilo tano za dagaa wa Kigoma. Hajawahi kufika Kibirizi, hakujui, hamjui hata jirani yako. Anatakiwa atume hela kwanza halafu asubiri mzigo upande basi. Kitu pekee alichonacho mkononi ni video yako ya dakika moja. Anakusikia unasema "hawa dagaa hawana mchanga", na wakati huohuo macho yako yanakimbilia pembeni kusoma karatasi uliyobandika ukutani. We unasoma tu, huna nia mbaya. Yeye anaona mtu anayekwepa macho wakati wa kutaja ubora na bei, na hela yake anairudisha mfukoni.

Sokoni tatizo hili halipo. Mteja anaingiza mkono kwenye dagaa, ananusa, anatafuna mmoja, anakisugua kiganja aone kama kuna mchanga. Kwenye simu hawezi kufanya hata kimoja, kwa hiyo kazi yote hiyo anaifanya kwa kukuangalia usoni. Ndo maana nasema macho yako kwenye video ni sehemu ya bidhaa.

Na kuna jambo letu wenyewe hapa. Wengi tumelelewa kwamba ukiongea na mkubwa unainamisha macho, kumkodolea mzee ni utovu wa adabu. Ni malezi mazuri, tusiyaache. Lakini lenzi sio mzee. Mzee mwenyewe akikutazama kwenye simu yake anataka aone unaongea na yeye, hatasema umemvunjia heshima. Dada zangu wa vitenge mnanielewa, maana nyie ndo huwa mnaongea mkiangalia kitambaa mwanzo mpaka mwisho.

KIFAA CHENYEWE KIKOJE

Teleprompta ni maandishi yanayopanda taratibu mbele yako ili usome bila kushika karatasi. Watu wa televisheni ya Marekani ndo walianza nayo mwaka 1950. Ilikuwa wazo la mwigizaji Fred Barton aliyetaka msaada wa kukumbuka maneno, na fundi Hubert Schlafly akatengeneza mashine ya kwanza, karatasi ndefu iliyozungushwa na mota kando ya kamera. Kando, sio mbele. Kwa hiyo tatizo la macho lilibaki palepale, msomaji alionekana anaangalia pembeni.

Aliyetatua hilo ni Jess Oppenheimer, mtayarishaji wa kipindi cha vichekesho cha I Love Lucy. Yeye aliweka kioo mbele ya lenzi, kimelala mshazari, maandishi yanajionesha kwenye kioo na kamera inapiga picha kupitia kioo hichohicho. Ilitumika mwaka 1953, na sikia hii: kazi yake ya kwanza ilikuwa tangazo la sigara. Yaani kifaa cha kuangalia machoni kilizaliwa kwenye kuuza bidhaa, habari na hotuba za wakubwa zikafuata.

Mpaka leo kanuni ni hiyohiyo. Kioo kinasimama kwa nyuzi 45. Kwako kinaakisi maandishi, kwa kamera kinapitisha sura yako. Kioo cha teleprompta kinapakwa dawa maalumu ili kiakisi kiasi cha asilimia 30 ya mwanga na kupitisha 70 hivi. Nyuma yake kuna kitambaa cheusi au boksi jeusi, mwanga wa nyuma usije ukafuta maandishi. Zile za studio ni kubwa. Za kubeba zinaingia kwenye begi la mgongoni, unaweka simu moja ya maandishi na simu nyingine au kamera ya kurekodi.

MACHO YANAPOKUSALITI

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye siri yenyewe, na ukielewa hapa unaweza usinunue kitu.

Mwaka 2002 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, Milton Chen, alipima jinsi watu wanavyotambua kama anayeongea kwenye video anawaangalia au hawaangalii. Akakuta kitu cha ajabu. Mtu akiangalia pembeni kidogo tu, kushoto au kulia, au juu ya lenzi, tunastuka mara moja. Lakini akiangalia chini kidogo ya lenzi, tunamsamehe. Mpaka kama nyuzi 5 kwenda chini, bado tunaona anatuangalia sisi.

Sasa lete hiyo kwenye simu yako. Ukiishika simu wima, kamera ya mbele ipo juu na maandishi yapo chini yake. Safi. Ukiilaza simu ili video iwe pana, kamera inahamia kushoto au kulia, na maandishi yanabaki katikati ya skrini. Macho yako sasa yanaenda pembeni, kule kwenye upande usiosamehewa. Simu ileile, maneno yaleyale, mtu yuleyule, ila video ya pili anaonekana kama anamchungulia askari wa mgambo.

Kwa hiyo rekodi wima. Stetasi ya WhatsApp na TikTok zenyewe ni za wima, hupotezi chochote.

Jambo la pili ni umbali. Ukiwa mita moja kutoka kwenye simu, maandishi yaliyo sentimita 8 chini ya lenzi bado yapo ndani ya zile nyuzi 5. Ukiishika kwa mkono, nusu mita toka usoni, nafasi yako inakuwa kama sentimita 4 tu. Ndo maana video za kushika mkononi macho yanaonekana yanatembea, hata kama maandishi yapo sehemu nzuri. Weka simu kwenye stendi, rudi nyuma hatua moja, kuza herufi. Stendi ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja leo na ndicho kinachosaidia kuliko vyote. Nasema hivi nikiwa nauza stendi, sawa, lakini hata fito mbili na mpira wa kukata kwenye tyubu ya baiskeli vinashika simu.

Jambo la tatu ni upana wa mistari. Mstari ukiwa mrefu macho yanakwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayeangalia mpira wa meza. Banisha maandishi yawe katikati, chini ya lenzi kabisa, maneno matatu au manne kwa mstari basi.

SIMU MOJA, BURE

Anza hapa kabla ya kununua chochote. Zipo programu za teleprompta za kupakua kwenye simu, BIGVU ni mojawapo, na CapCut ambayo wengi mnaitumia kukatia video nayo iliweka sehemu ya teleprompta kwenye kamera yake. Unabandika maneno yako, unachagua ukubwa wa herufi na mwendo, yanapanda juu ya skrini huku kamera ya mbele inarekodi. Nyingine zina toleo la kulipia, nyingine zinabandika nembo yao kwenye video yako. Jaribu mbili tatu, baki na isiyokusumbua. Ukishaipakua, jaribu ukiwa umezima data, nyingine zinafanya kazi vizuri tu na bando lako linapumua.

Kuna tahadhari moja kuhusu mwendo. Programu nyingi zimetengenezwa kwa Kiingereza na zinahesabu maneno kwa dakika. Kiswahili chetu neno moja limebeba mzigo. "Nitakutumia" ni neno moja, Mwingereza hapo anatumia maneno manne. Ukiacha mwendo waliouweka wao, maandishi yatakukimbia na utaanza kuongea kama dalali wa mnada. Punguza. Chukua maneno 100 uliyoandika mwenyewe, yaseme kwa sauti kama unaongea na mteja aliyesimama mbele yako, tazama saa. Muda uliotumia ndo mwendo wako.

Ubaya wa njia hii ni kwamba unatumia kamera ya mbele, na kwenye simu nyingi kamera ya mbele haifikii ya nyuma. Kwa video ya sura na maneno haina shida. Kwa kuonesha nyuzi za kitenge au rangi ya mawese, inapoteza.

SIMU MBILI NA KIPANDE CHA KIOO

Kama unataka kamera ya nyuma, unahitaji simu ya pili ya maandishi. Inaweza kuwa ile ya zamani iliyopasuka pembeni, mradi inawaka na skrini yake inasomeka.

Njia ya haraka haina kioo. Simu inayorekodi isimamishe, kamera ya nyuma ikutazame. Simu ya maandishi ifunge chini yake kabisa, karibu na lenzi kadiri inavyowezekana. Chini, jamani, sio pembeni, mmeshaelewa sababu. Tena lenzi ya nyuma kwenye simu nyingi ipo kwenye kona ya juu, kwa hiyo sogeza simu ya maandishi iwe usawa wa lenzi yenyewe, usiifuate katikati ya simu. Rudi nyuma mita moja na nusu hivi. Kwa video za dukani inatosha kabisa.

Ukitaka kile cha kuangalia katikati ya lenzi kama mtangazaji, tengeneza. Nenda kwa fundi vioo akukatie kipande chembamba, milimita 3, ukubwa wa daftari, na umwambie asugue kingo zisikukate. Kioo kinene usichukue. Kioo cha kawaida kina nyuso mbili na kila uso unaakisi, kwa hiyo maandishi yanaonekana mawili, moja linamfuata mwenzake kama kivuli. Kioo kikiwa chembamba kivuli kinakaribia na herufi kubwa zinakimeza.

Tafuta boksi la maboksi ya maji au viatu, toboa uwazi wa lenzi nyuma, mbele acha wazi. Kioo kiingie mle kimelala nyuzi 45. Watu wanakosea hapa kwa kukilaza kinyume: sehemu ya juu ya kioo inainama kuja upande wako, sehemu ya chini inakuwa karibu na kamera. Simu ya maandishi inalala chali sakafuni mwa boksi, chini ya kioo, kichwa chake kikielekea kwako. Kwenye programu tafuta sehemu ya kugeuza maandishi kama kwenye kioo, washa, la sivyo utasoma kama neno la gari la wagonjwa mbele. Ndani ya boksi bandika karatasi nyeusi, nyuma funika kamera na kitambaa cheusi. Pagawa kote kuwe giza ila lenzi tu.

Kioo hiki cha fundi kinaakisi kama sehemu moja tu kati ya kumi ya mwanga, tofauti na kile cha dukani. Maana yake skrini iwekwe mwanga wa mwisho, maandishi meupe kwenye weusi, na ukae ndani, sio juani. Ufukweni saa saba mchana hutaona hata herufi moja. Chaji simu kabla, mwanga wa mwisho unakula betri.

Cha kununua sasa. Vidogo vya simu vinavyotoka China, kama vya Neewer na Desview, huko nje huwa vinaanzia kama dola 50 na kwenda juu. Zidisha kwa shilingi, weka usafiri, na ya muuzaji hapa katikati. Kwa mtu anayerekodi video mbili kwa mwezi hiyo ni hela ya mzigo, isilale kwenye begi. Kwa anayerekodi kila siku, au anayewarekodia wenzake kwa malipo, kioo chenye dawa kinajilipa kwa sababu ya kuokoa muda. Ukienda kununua, kagua vitu vitatu: kioo hakina mikwaruzo, mdomo wa lenzi unakubali simu na sio kamera kubwa peke yake, na simu yako ya maandishi inaingia kwenye sehemu yake. Kuna mtu alinunua, simu yake kubwa ikagoma kuingia, sasa anakitumia kuwekea miwani.

Halafu niseme ukweli unaoweza kuniudhi mwenyewe kibiashara. Kama una hela ya kitu kimoja tu, chukua maiki ya kubana kwenye kola kabla ya teleprompta. Nani aliwahi kurekodi Kibirizi wakati wa upepo wa kiangazi, boti zinanguruma, mawimbi yanapiga? Mteja atavumilia macho, sauti isiyosikika anapita. Na maiki iwe na lile vazi lake la manyoya, upepo wa ziwa hauna huruma.

MANENO YENYEWE

Sasa tuje kwenye kinachoharibu kazi hata ukiwa na mashine ya milioni. Mtu anapata teleprompta, anakaa chini, anaandika hivi:

"Tunapenda kuwatangazia wateja wetu wote kwamba tunajihusisha na uuzaji wa mazao mbalimbali ya ziwa yenye ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu."

Hiyo ni risala. Ndo tulivyofundishwa shuleni, mgeni rasmi kakaa mbele, unasoma kwa sauti ya kupanda na kushuka. Macho yatakuwa kwenye lenzi barabara, lakini mteja ataskia mtu anasoma, na macho ya mtu anayesoma yameganda, hayapepesi. Inatisha kidogo, kwa kweli.

Andika unavyoongea. Linganisha:

"Hawa ni dagaa wa Kigoma.
Wameanikwa kwenye chanja, sio chini.
Nawamimina kwenye sinia jeupe.
Ona mwenyewe chini ya sinia.
Mchanga hakuna.
Ukilipa leo kabla ya saa sita mchana, mzigo unapanda basi la kesho.
Nakutumia picha ya risiti ya basi."

Kila mstari ni pumzi moja. Na angalia mahali pa macho: mstari wa tatu na wa nne unatakiwa uangalie dagaa, sio lenzi. Mtu wa kawaida anapoongelea kitu kilichopo mkononi mwake anakitazama. Ukimkazia mteja macho dakika nzima bila kugeuka, nayo sio kawaida. Kwenye maandishi yangu huwa naandika ANGALIA SINIA kwa herufi kubwa, halafu kwenye mambo ya bei, ubora na ahadi ndo macho yanarudi kwenye lenzi. Pale kwenye "mchanga hakuna" usipepese pembeni hata inzi akikutua.

Bei iandike kwa maneno. "Elfu kumi na mbili na mia tano" inasomeka bila kusita, ila 12,500 inakufanya usimame nusu sekunde ubadilishe kichwani, na kusita kwenye bei ndo kusita kubaya kuliko kote. Tena video ikisambazwa inaishi miezi, bei ya dagaa haiishi hata wiki mbili. Wavuvi wetu wanavua usiku kwa taa, mwezi ukiwa mkali dagaa hawafuati taa vizuri, mzigo unapungua sokoni na bei inapanda. Kwa hiyo mimi napendekeza bei ikae kwenye maandishi ya chini ya video ambayo unaweza kubadilisha, mdomoni taja kipimo, ubora na usafiri.

Pale ambapo maandishi kamili yana faida kweli ni kwenye habari yenye tarehe na masharti. Mnakumbuka Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Wateja wa mikoani walikuwa wanauliza mbona hakuna mzigo, mbona bei imepanda, wengine wanahisi wanadanganywa. Kwenye video ya namna hiyo usibahatishe tarehe, usiseme "kama mwezi wa tano hivi". Soma tarehe zote, sema mzigo ulionao ni wa lini, sema utapata mwingine lini. Mtu anayetaja tarehe bila kubabaika huku anakuangalia unamuamini, na hapo teleprompta imefanya kazi yake.

Vivyo hivyo kwa wanaouzia wenzetu ng'ambo ya ziwa. Ukiandaa video ya mteja wa Kalemie au Bujumbura, andika kabisa unataja hela gani, na mzigo unaishia wapi, Kibirizi au bandarini kwake. Kiswahili tunaelewana, ila "mzigo utafika" kila mmoja anaelewa kivyake.

Kwa video za kawaida, maandishi kamili ni mengi mno. Weka vichwa vya habari tu, maneno matano sita: chanja, sinia, kilo, basi, risiti. Unatupa jicho, unashika neno, unarudi kuongea. Ukisahau neno moja ukalitafuta kidogo mteja hajali, watu wote wanaongea hivyo. Mama mmoja anayeuza mawese alijaribu kusoma ukurasa mzima akawa anakwama kila mstari. Nilimwambia, mama yangu, haya mawese umeyapika miaka mingapi? Tukamwekea maneno manne. Akaongea mpaka video ikazidi urefu.

Wapo wasiohitaji kabisa. Watembeza wageni wa Ujiji, wanaoeleza pale Makumbusho ya Livingstone habari za yeye na Stanley mwaka 1871, wanayo yote kichwani na mikono yao inaongea pamoja nao. Ukiwawekea maandishi unawaharibu. Fundi cherehani anayeonesha anavyokata kitenge naye hivyohivyo, macho yake yanatakiwa kwenye mkasi!

JUA LA ZIWA

Kidogo kuhusu mwanga kisha niwaache. Ziwa letu lipo magharibi, jua linazamia upande wa milima ya Congo. Jioni ukiligeukia ziwa uso unapata mwanga mzuri wa dhahabu, lakini jua linakuwa machoni, unafinya macho na kusoma huwezi. Ukiligeuzia mgongo ili ziwa lionekane nyuma, uso unakuwa mweusi. Asubuhi ndo muda wenyewe kwa anayetaka ziwa nyuma yake: jua linatoka upande wa mjini, linakupiga usoni likiwa bado laini, na maji nyuma yanaonekana bluu. Tafuta kivuli chepesi cha mwembe au banda, skrini isomeke. Dukani, kaa ukitazama mlango, simu iwe mlangoni. Ukikaa mlango ukiwa nyuma yako unaonekana kama shahidi aliyefichwa sura.

Ukimaliza kurekodi usiitume hapohapo. Zima sauti, mpe mtu ambaye hakuwepo aitazame, mdogo wako au jirani wa duka, halafu muulize swali moja tu: "Hapa nilikuwa naongea na nani?" Akisema "na mimi", tuma. Akisema "kuna mtu kasimama pembeni?", shusha maandishi chini ya lenzi, punguza upana wa mistari, rudi nyuma hatua moja, rekodi tena.